Alininyang'anya koili mkononi

Hasira hii nimekaa nayo miezi kadhaa, leo naitoa. Mimi ni mtaalamu wa utengamao, wagonjwa wangu wengi ni waliopata kiharusi, na utafiti wangu unahusu kuusisimua ubongo kwa sumaku kabla ya mazoezi ya mkono uliopooza. Kwa hiyo nilipoona tangazo la mafunzo kwa vitendo, siku tano, na ukimaliza unapewa mlezi wa kukusimamia katika utafiti wako, niliomba nafasi siku ileile. "Kwa vitendo" waliliandika kila aya.

Siku mbili na nusu tulitazama slaidi. Barker na wenzake kule Sheffield, Uingereza, walioonyesha mwaka 1985 kwamba ubongo unaweza kusisimuliwa hivi kwa sumaku, aina za mapigo, picha za ubongo zenye rangi. Mambo ambayo kila aliyeomba nafasi ile alikuwa ameshayasoma. Nilivumilia kwa sababu mashine ilikuwa pale pembeni, imefunikwa kitambaa, nasi tukaambiwa zamu yetu inakuja.

Ikaja. Watu 12, mashine moja, koili moja, yaani kile kifaa cha nyaya kinachowekwa kichwani na kutoa mapigo ya sumaku. Mwenzetu mmoja alikubali kukaa kitini, tukambandika elektrodi za kusoma umeme wa msuli kwenye ule msuli mdogo ulio kati ya gumba na kidole cha shahada. Nilikuwa wa nne. Kwa ambaye hajawahi kuishika: koili ya umbo la nane ni nzito kuliko unavyodhani, kebo yake inavuta mkono chini, na unatakiwa kuilaza kichwani bila kuinamisha, mshikio ukielekea nyuma na pembeni kwa nyuzi 45 hivi kutoka mstari wa katikati. Unaanzia karibu na alama ya C3, upande wa kushoto wa kichwa, juu ya eneo la ubongo linaloendesha mkono wa kulia. Unapiga, unasogea sentimita moja, unapiga tena, jicho moja kwenye skrini na jingine kwenye kidole. Ikilala vibaya kidogo tu, kidole hakichezi, nawe hujui kosa ni la mahali, la pembe au la nguvu ya pigo.

Nilipiga labda mara sita. Kidole kimya. Nikasogea. Mkufunzi mkuu alikuwa nyuma yangu anaangalia saa. Akanyoosha mkono akaivuta koili kutoka kwenye vidole vyangu nikiwa bado nimeinama. Hata kuniomba hakuniomba. "Dada, tutakesha hapa. Simama pembeni uangalie." Akapiga mara mbili, kidole kikaruka, akawageukia wengine: "Mmeona?" Wakaitikia wameona. Mimi sikuona kitu, machozi yalikuwa yananilenga.

Na nisionekane ni mtu wa kununa tu. Tulichokuwa tunakitafuta ni kizingiti cha mwendo, yaani nguvu ndogo kabisa inayoamsha msuli kwa mikrovolti 50 au zaidi, angalau mara 5 katika mapigo 10. Dozi ya mgonjwa hukokotolewa kwa asilimia ya kizingiti hicho. Ukikosea juu, unamweka kwenye hatari ya degedege. Ukikosea chini, humpi kitu, halafu unaandika kwamba tiba haifanyi kazi, na mwingine anasoma na kuamini. Sasa hilo unajifunzaje kwa kusimama pembeni?

Baada ya hapo kila kitu kilinichukiza, mpaka sauti ya kipaza sauti. Kwenye zoezi la njia nyingine, mkondo dhaifu wa umeme unaopitishwa kichwani kwa elektrodi zenye sponji, miliampea 2, aliyekaa kitini alisema paji la uso linamuunguza. Mkufunzi akajibu kuwasha ni kawaida. Ni kweli kuwasha ni kawaida, lakini sponji ilikuwa imekauka ukingoni, na sponji kavu huunguza ngozi kwelikweli. Nilisema kwa sauti. Ndipo wakazima na kuilowesha upya kwa maji ya chumvi. Siku ya mwisho nikapewa cheti kinachosema nimefuzu kutafuta kizingiti. Nimefuzu lini?

Hapo ningemaliza kwa kuwaambia msiende. Ila jioni hiyo, wenzangu wakiwa wanapiga picha, kijana fundi wa mashine aliniita. "Dada, bado sijazima. Nikae mimi?" Kwanza akanifanya nimsomee fomu yote ya usalama, swali kwa swali, kuanzia chuma kichwani mpaka historia ya kifafa na dawa anazotumia, akaweka viziba masikio, akanipa na mimi. Nikaanza. Mkono ukatetemeka. "Bana kiwiko kwenye mbavu," akasema, "uzito uubebe na mwili, siyo kifundo." Nikabana. Mapigo kama kumi hivi, kidole chake cha shahada kikaruka. Nilipiga kelele. Tukashuka nguvu taratibu, yeye akihesabu kwenye skrini, hadi tukakipata.

Na mlezi? Wiki nyingi kimya, barua pepe zangu tatu bila jibu, nikawa tayari nimemtukana moyoni. Siku moja akapiga. Alikuwa amesoma itifaki yangu yote, yaani mpango wa utafiti, akaniuliza swali moja tu: mgonjwa aliyewahi kupigwa mapigo halisi atashindwaje kuitambua koili bandia, ile isiyosisimua ubongo, ya kundi la kulinganishia, na anayepima mkono atazuiwaje kujua nani yuko kundi gani? Sikuwa na jibu. Tuliufumua utafiti na kuusuka upya. Tangu hapo hajakosa simu hata moja, na ninamheshimu kama dada yangu mkubwa.

Kwa hiyo sisemi msiende tena. Nasema kabla hujalipa, uliza koili moja inashikwa na watu wangapi, na wakuambie idadi, siyo "mtashika wote". Yule mkufunzi bado sijamsamehe. Cheti kiko kwenye droo. Juzi nilikuwa na mwanafunzi wangu wa kwanza, kiwiko amekibana kwenye mbavu. Alipiga mara 19 kabla kidole hakijacheza, na mkono wangu ulikaa mgongoni muda wote.