Eti msitu wangu umeungua!

Huduma hii ya mtandaoni ya kunoa picha za setilaiti nimeilipia miezi kadhaa sasa. Unapakia bendi za rangi (picha moja kwa kila rangi ya mwanga) za setilaiti ya Landsat 8, zile za mita 30 kwa pikseli, pamoja na bendi ya kijivu ya mita 15. Wao wanazichanganya, unarudishiwa rangi zilizonoleka kufikia mita 15. Mwanzoni niliwasifia mpaka watu wakanichoka.

Juzijuzi nikapakia bonde lenye msitu. Barabara zikarudi safi, mto safi, ila msitu mweusi tii kama masizi ya sufuria. Nikawaandikia kwa adabu zote. Jibu: "Mpendwa mteja, huenda msitu huo umeungua."

Umeungua! Bendi za rangi nilizowapa zina msitu wa kijani kibichi, na zimepigwa siku ileile, na setilaiti ileile. Uliungua ukiwa njiani kwenda kwenye seva yenu?

Hasira zikanifanya nichimbe. Bendi ya kijivu ya Landsat 7 ilifika hadi kwenye infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho, ambako majani hung'aa mno. Ya Landsat 8 inaishia kwenye nyekundu, kwa hiyo humo majani ni giza. Sasa kunoa kwa namna hii hugawanya bendi ya kijivu kwa wastani wa bendi za rangi; ukiitia infraredi kwenye wastani huo, msitu lazima uzame gizani. Nahisi, na sijaona cha kunibadilisha mawazo, kwamba hesabu ya setilaiti ya zamani imebebeshwa mpya. Nikajaribu mwenyewe kwa gdal_pansharpen, programu ya bure ya kunoa picha kama hizi: nyekundu, kijani na bluu tu, bluu nikaipa uzito mdogo kwa sababu bendi ya kijivu haiigusi sana. Msitu ukafufuka.

Nikawatumia picha zote mbili. Kimya. Baadaye ikaja barua ya kuniomba niwape nyota!

Nilitaka kutoa mbili. Nikikumbuka lile la kuungua, moja inatosha, na hiyo ni kwa sababu sifuri haipo. Ingawa, niseme kweli, ile gdal ilinila jioni nzima kwa kuandika amri na kukosea njia za mafaili, na ukingo wa mto kwenye picha yao ulikuwa umekaa sawasawa, bila ule uzi wa rangi unaochungulia pembeni.

Malipo ya mwezi ujao bado sijayakatisha.