Mche gani wa matunda ununue kwanza kwa uwanja wa nyumba, Tanga mjini

Kiwanja cha kawaida cha Tanga mjini, iwe Mikanjuni, Kange au Sahare, nyumba ikishasimama na shimo la choo likishachukua kona yake, hubaki nafasi ya miti mitatu, minne ukijibana. Wengi hununua mche wa tunda wanalolipenda, na hapo ndipo fedha inapopotea. Chungwa tamu lipo Muheza, na msimu ukikolea linauzwa kwa mafungu barabarani kwa bei ya kutupa. Uwanja wako upe mti ambao tunda lake sokoni ni ghali au halifiki likiwa zima, na ambao hautakuja kugombana na msingi wa nyumba. Kwa kigezo hicho nimeipanga hivi.

1. Ndimu

Hapa sina mjadala. Samaki anataka ndimu, urojo ndio usiseme, achari kadhalika. Mvua zikikatika, bei ya soko la Mgandini hupanda huku ndimu zenyewe zikizidi kuwa ndogo na kavu. Mndimu hauendi juu sana, mita 3 hadi 5 hivi, na huvumilia udongo wetu wa mawe ya matumbawe kuliko mchungwa. Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, si ugonjwa wa kuogopesha. Mara nyingi ni chuma, zinki au manganizi ambayo udongo wa chokaa umeikatalia mizizi, na mboji ya kutosha husaidia.

Mche wa ndimu wa mbegu usiudharau, kwa sababu mbegu za ndimu kwa kawaida hutoa mti unaofanana na mama yake. Ukipata wa kubebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mche mwingine, lipa zaidi, utachuma mapema. Kumbuka tu kwamba una miiba: usiupande kwenye njia wanayopita watoto.

2. Papai

Limepanda hadi hapa kwa haraka yake. Miezi 8 hadi 10 tangu mche uingie ardhini, unaweza kuwa umeshaanza kula. Kama umepanga nyumba na wewe ni waja leo waondoka leo, nunua papai na uishie hapo.

Kasoro yake ni jinsia. Mpapai wa kienyeji unaweza kuwa dume, na hakuna muuzaji anayeweza kuutambua mche ungali kwenye kiriba (ule mfuko wa kitaluni), hata akuapie. Dawa ni kupanda miche mitatu shimo moja, kusubiri maua, kisha kung'oa. Maua ya dume huning'inia kwenye vikonyo virefu, ya jike hukaa karibu kabisa na shina. Ukinunua aina ya Solo au Red Lady huna haja ya kuogopa madume. Lakini Red Lady ni chotara: mbegu za tunda lake ukizipanda tena, usitegemee kupata kile ulichokula. Mpapai pia hauwezi maji yaliyotuama. Siku mbili tu za dimbwi la masika zinatosha kuozesha mizizi, kwa hiyo upande juu ya tuta, na ununue mche mdogo wa futi moja hivi. Mrefu ukihamishwa hudumaa.

3. Embe la kubebeshwa, mti mmoja tu

Wa mbegu utakusubirisha miaka 6 au zaidi na mwishowe ujae uwanja mzima. Wa kubebeshwa huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4. Vitaluni utaonyeshwa Kent, Keitt, Tommy Atkins na Apple, pamoja na Dodo na Bolibo zetu. Tommy ana ngozi ngumu na anavumilia safari ndefu, ndiyo maana wafanyabiashara wanampenda. Wewe safari yako ni kutoka mtini hadi jikoni, ya nini kuvumilia nyuzi zake? Mimi ningechukua Apple, mwenye asili ya pwani ya Kenya, hali ya hewa ileile. Maua yake huungua kwa chule, ugonjwa wa ukungu, mvua ikiyakuta, hilo ulijue kabla hujalipa.

Mwembe ukifika mita 1, kata kilele utoe matawi chini, uweze kuchuma bila ngazi. Embe zilizoanguka zikusanye kila siku, uzifunge kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha juani, maana ndani yake wamo mabuu wa nzi wa matunda. Sisimizi wa majimoto wakijenga viota mtini usikimbilie dawa. Wanauma kweli, lakini wanawinda wadudu waharibifu.

4. Stafeli

Tunda hili likiiva hulainika ndani ya siku chache, na safari ya gari hulimaliza. Ndiyo sababu la nyumbani halina mpinzani, hasa futari ikikaribia na juisi inatafutwa. Mstafeli ni mdogo, huzaa baada ya miaka 3 hadi 5. Ukitoa maua mengi na matunda machache, ujue ua lake huwa jike kwanza, ndipo likageuka dume. Chavua unaweza kuihamisha mwenyewe kwa brashi ndogo.

5. Chungwa

Nimelishusha kwa sababu ya Muheza, si kwa ubaya wake. Ukilitaka, Valencia inatosha. Uliza limebebeshwa juu ya shina gani. Shina la limau la kienyeji lenye ganda la makunyanzi linafaa mchanga wetu, ila kwenye tope zito huoza mizizi. Chungwa juu ya shina la danzi likwepe, kwani virusi vya tristeza, vinavyosambazwa na vidukari, huweza kuliua.

Komamanga, pera na mgomba ni vya kujazia nafasi. Omba chipukizi la mgomba kwa jirani, usinunue. Mnazi mfupi sawa, mrefu hapana, bati lako litakuja kusimulia. Fenesi liache kwa wenye shamba. Parachichi la Hass na tufaha (epo) ulizoziona Lushoto zinataka baridi ya milimani, na anayekuuzia kwa ajili ya Sahare anakuuzia majani.

Kuukagua mche

Urefu na matunda mawili yanayoning'inia kwenye kiriba visikuchanganye. Inama utazame maungio, kwa kawaida sentimita 15 hadi 25 juu ya udongo: yawe yameshikana bila ufa, na nailoni ya kufungia isiwe imelikaba shina. Chipukizi lililotoka chini ya maungio ni la shina mama. Kwa jamii ya machungwa, likwanyue jani ulinuse. Likinuka limau wakati unanunua chungwa, hilo tawi litakuja kuumeza mti wote lisipokatwa. Halafu nyanyua kiriba. Kikigoma kunyanyuka, mizizi imeshatoboa chini na kujikita ardhini, na mzee wa kitalu akikivuta kwa nguvu ataikata mbele ya macho yako. Mwambie, kwa adabu, akupe mwingine. Geuza majani pia utafute wadudu weupe wa unga.

Kwa wenye eneo kubwa Pongwe au Maweni wanaotaka kupanda miti mingi, kupima udongo kwanza kuna faida. Kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, wilayani Muheza, kina maabara ya udongo.

Nunua Machi masika yakianza, au Oktoba kwa vuli. Ukinunua Januari, kaskazi ikivuma na jua kali, utakuwa mtumwa wa ndoo. Shimo la sentimita 60 kila upande lichimbwe mapema, mtaimbo ukihitajika, na udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza. Ukibeba miche kwa bodaboda, ifunike kwa gunia lenye unyevu, kwa kuwa upepo wa njiani hukausha majani kuliko jua. Ikifika ikae kivulini siku chache, ipandwe jioni, na maungio yabaki juu ya udongo.