KMS ya Microsoft: seva moja inatosha, ya pili ilinitoa jasho

Chuo chetu kina kompyuta 38, na Windows zake zote tunaziamilisha kwa KMS ya Microsoft (Key Management Service, huduma ya kuthibitisha leseni kupitia seva yako mwenyewe). Naipa nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu mfumo wenyewe haukuonyi unapojiroga, na mimi nilijiroga.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Seva ya ndani inasikiliza kwenye poti 1688, kompyuta zinaitafuta kupitia DNS (daftari la majina ya mtandao), na hakuna haja ya kila mashine kutoka kwenda intaneti.

Tulipopata seva mpya nikaona ya zamani isizimwe, iwe ya akiba. Mashine 21 za maabara nikazipiga Windows upya, zikaenda kwenye seva mpya. Zile 17 za maktaba zilikuwa zimefungwa kwenye ya zamani kwa amri ya slmgr /skms, nikaziacha hivyo hivyo. Maabara nzima ikagoma kuamilishwa, kosa namba 0xC004F038. Nikalaumu DNS, nikalaumu ngome ya mtandao (firewall), hata swichi ya watu ilipata lawama.

Kumbe ni hesabu. KMS haiamilishi Windows ya kawaida mpaka mashine 25 tofauti ziwe zimeshabisha hodi (Office na Windows Server zinahitaji 5 tu). Na seva mbili hazipeani hesabu, kila moja na wageni wake. Mpya ilikuwa na 21, ya zamani 17. Maktaba ilikuwa inadunda kwa sababu tu uamilisho hudumu siku 180. Ungekatika katikati ya mitihani.

Hizo siku 180 ndizo zinazofanya seva ya akiba isiwe na maana kwa ofisi ndogo. Mashine huhuisha kila siku 7, kwa hiyo seva ikifa leo una zaidi ya miezi mitano ya kutafuta nyingine. Ufunguo mmoja wa KMS unaruhusu seva hadi 6, lakini hizo ni za wenye matawi makubwa yaliyotengana.

Nikaenda maktaba na slmgr /ckms (kufuta anwani ya seva ya zamani), kisha /ato (kuamilisha). Mashine ya kwanza ikakataa. Ya pili, ya tatu, vilevile. Ya nne ikakubali: hesabu imetimia 25. Nikahamisha zile 13 zilizobaki, nikazima seva ya zamani. Maabara sikugusa kitu. Zilizokwama hujaribu tena kila saa 2, na jioni zote zilikuwa safi.