Bolivia au Peru kwa siku tisa za kupiga picha: uzoefu wangu

Nilikuwa na likizo ya siku tisa, mwezi Februari, na nia yangu ilikuwa moja tu: picha. Karibu kila niliyemuuliza alinisukumia Peru kwa ajili ya Machu Picchu, magofu ya mji wa kale wa Wainka. Nikaenda Bolivia, na ningeambiwa nichague tena leo ningekwenda huko huko.

Kilichoniamulia ni mwezi wenyewe. Februari milima ya Andes iko kwenye mvua. Upande wa Cusco, mji wa Peru wa kuelekea Machu Picchu, mawingu hufunika vilele, na ile njia ya miguu ya Inca ya kwenda kwenye magofu hufungwa mwezi mzima kwa matengenezo. Halafu tiketi ya Machu Picchu ina saa yake ya kuingia na njia yake ya kufuata, na stendi ya kamera hairuhusiwi ndani. Mtalii wa kawaida hilo halimsumbui. Mimi picha moja naweza kuingojea saa mbili, kwa hiyo lingenisumbua sana.

Mvua hiyo hiyo ikinyesha Salar de Uyuni, huko Bolivia, ni neema. Huo ni uwanda wa chumvi wa zaidi ya kilomita za mraba 10,000, tambarare kama sakafu. Maji yakituama juu yake, hata yasipofika kwenye kifundo cha mguu, unaiona mbingu nzima imelala chini. Jioni ya pili upepo ulikata kabisa. Nilishusha kamera mpaka ikakaribia kugusa maji, nikaona majua mawili, moja likishuka na jingine likipanda kulipokea, mpaka yakagusana kwenye mstari ambao hata sikuweza kuutambua kama ni upeo wa macho. Mikono ilinitetemeka. Nilipiga picha kumi na nne, kisha nikaiacha kamera nikatazama.

Siku ya tatu tulishuka kusini hadi Laguna Colorada, ziwa jekundu lililo mita 4,278 juu ya usawa wa bahari. Nimekulia Arusha, Ziwa Natron nalijua, kwa hiyo wekundu wa maji na heroe havikuwa vigeni machoni pangu. Kigeni kilikuwa kuwaona ndege wale na theluji mlimani nyuma yao, ndani ya fremu moja.

Sasa kasoro. Kampuni iliyotuchukua iliahidi kutufikisha kwenye maji kabla ya alfajiri. Tuliondoka mjini jua limeshatoka, na sikuridhika na maelezo waliyotoa. Ukilipia safari ya picha, taka saa ya kuondoka iandikwe kwenye risiti. Kimo cha huko nacho usikidharau: uwanja wa ndege wa La Paz uko juu ya mita 4,000, na mji wa Uyuni wenyewe unakaribia kimo cha kibanda cha Horombo pale Kilimanjaro. Tofauti ni kwamba Horombo unapanda kwa miguu, pole pole, na huku ndege inakutua juu mara moja. Kichwa kiliniuma siku mbili nzima. Tenga siku ya kwanza kwa kupumzika, hata kama siku zako ni chache.

Na chumvi! Inaingia kila mahali. Stendi yangu niliifuta kwa kitambaa tu usiku ule, asubuhi viungo vikawa vimeganda. Ioshe kwa maji yasiyo na chumvi, kila siku, kabla hujalala. Vaa mabuti ya mpira, na betri za akiba zilaze mfukoni karibu na mwili, kwa sababu baridi huzimaliza.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na ile alfajiri.

Kitu kimoja nilikikosa: kisiwa cha Incahuasi chenye madungusi marefu, ndani ya uwanda huo wa chumvi, maji yalizuia gari kufika. Likizo yako ikiangukia Julai utafika, lakini kioo cha maji hutakikuta, chumvi itakuwa imekauka na kupasuka vipande vyenye pembe. Na Julai mbingu ya Cusco huwa safi, kwa hiyo mwezi huo Peru ningeifikiria upya.