49er, 29er au 505: Upepo Ukichachamaa Uingie na Ipi?

Haya, mnanisikia? Shemeji, wananisikia? Hicho kidude cha sauti kiingize ndani ya jaketi, upepo unakipiga. Eeh, hapo sawa.

Assalaam aleikum, na habari zenu wana wa maji popote mlipo. Msinishangae nilivyolowa. Nimetoka majini dakika kumi zilizopita, na sikuingia kwa kupenda. Huku nyuma yangu ni bandari ya Portland, kusini mwa Uingereza, palepale zilipofanyika mbio za matanga za Olimpiki ya 2012. Lile tuta la kokoto kule magharibi linaitwa Chesil. Upande wa pili wa tuta kuna bahari yenyewe, na wimbi lote linaishia huko. Upepo wa kusini-magharibi unaruka juu ya kokoto unaangukia humu ndani, kwa hiyo maji ni sahani lakini upepo ni kichaa. Ndiyo maana tangu 1972 watu wanakuja hapa kupimana nani chombo chake kina mbio zaidi. Kipimo changu cha mkononi leo kinasoma kilomita 45 kwa saa, na ukija mkupuo kinavuka 50. Kule kwetu ukifika 40 Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa onyo, na pale Nungwi ngalawa zote ziko mchangani, watu wanacheza bao.

Mimi nimeingia. Mara tatu, na boti tatu za mbio: 49er, 29er na 505.

Kwa wageni: chaneli hii ni ya vyombo vya tanga, kwa Kiswahili, na mwenyewe nimekulia kwenye ngalawa ya babu. Ile video ya wiki jana haikutoka kwa sababu kamera ya zamani iko chini ya maji haya, mita kama nane hivi, na bado inarekodi labda. Kuanzia sasa video ni Jumapili badala ya Ijumaa. Waliochangia kununua kamera hii, Mungu awalipe, majina yenu yatapita chini ya skrini.

Sasa. Vipimo vya boti hizi mkivitaka viko kila mahali, sitavisoma kama karani. Jueni tu 49er imeitwa hivyo kwa urefu wake, mita 4.99, na 505 vilevile, mita 5.05. Ile 29er ni mdogo wake 49er, mita 4.45, baba yao mmoja, Mwaustralia Julian Bethwaite. Zote ni za watu wawili, nahodha na baharia, na zote zina trapizi, yaani waya unaotoka mlingotini unaunasa kwa ndoano kwenye mkanda wa kiunoni, halafu unasimama ukingoni mwa boti mwili wote uko nje juu ya maji. Ndugu zangu wa Lamu wataniambia hilo si jipya, kwenye mashua za mashindano wao wanatoa ubao upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, na kukalia ncha yake. Kweli kabisa. Hapa ubao umekuwa waya tu.

ILCA, ile boti ndogo ya mtu mmoja iliyokuwa ikiitwa Laser, siizungumzii leo. Mnaijua, iko kila klabu, ni punda. Punda mzuri.

Nianze na kilichonitoa majini. 49er. Jamani, boti hii nikiwa pwani naipenda mpaka naona haya. Tazameni mabawa haya ya pembeni, tazameni jinsi omo, sehemu ya mbele, ilivyo nyembamba. Nahodha na baharia wote wako kwenye waya. Na ukienda joshi, kamba ya tanga kubwa, demani yenyewe, haishikwi na nahodha, inashikwa na baharia! Mimi nimeshika kana, ule mpini wa usukani, nguvu ya boti iko mikononi mwa mtu mwingine. Babu angecheka mpaka kesho. Lakini inafanya kazi, maana baharia ana mikono miwili huru na nahodha ana moja.

Tatizo ni dakika ile moja. Shemeji, njoo karibu, leta kamera hapa chini. Hapa kwenye kokoto. Naomba kandambili yako. Ya kulia. Nitakurudishia.

Hii kandambili ni 49er. Vidole huku ndiyo omo, kisigino ndiyo tezi, yaani nyuma. Nachomeka kijiti hapa kwenye tundu la ukanda, ndio mlingoti. Sasa unapiga bisho, yaani unapanda kuelekea unakotoka upepo; upepo unatoka huku ubavuni kwa mbele, unasukuma kijiti kwa upande, hivi. Chombo kinataka kulala, ninyi wawili kwenye waya mnakizuia. Hapo hamna shida, kelele tu na chumvi machoni. Mnafika kwenye boya la juu, lile la upande unakotoka upepo. Inabidi mgeuke mshuke na upepo. Tazameni kidole changu: kadiri ninavyoigeuza kandambili, kile kidole kilichokuwa kikisukuma kijiti kwa ubavu kinahamia nyuma yake. Kinasukuma juu kabisa, mbele. Vidole vinafanya nini? Vinazama! Kisigino kinainuka. Shemeji umeona? Rudia. Nasukuma juu ya kijiti, omo inachimba, tezi inapaa.

Na chombo hakijasimama wakati huo, kinaongeza mbio. Ukigeuka polepole kwa woga, unakaa muda mrefu kwenye pembe ile mbaya kuliko zote. Ukigeuka kwa pupa, boti inakukimbia chini ya miguu. Dawa yake ni kwamba baharia alegeze demani kwa kipimo, si yote, wote wawili mkimbilie nyuma mguu kwa mguu mkiwa bado mmening'inia, nahodha avute kana bila kusita. Mkipatana, ni raha isiyo na mfano, boti inaruka kama samaki chuchunge. Msipopatana... mnaniona.

Sisi tulikosana kwa nusu sekunde. Mwenzangu, kijana wa Mombasa, alisikia "legeza" wakati mimi nimesema "ngoja". Omo iliingia majini mpaka kwenye mlingoti, boti ikasimama ghafla kana kwamba imegonga fungu, sisi tukaendelea na safari. Mimi nilizunguka mbele mpaka nikalipiga tanga la mbele kwa mgongo. Hamkuvunjika kitu ila heshima.

Mtu asiseme ni kwa sababu sisi si wazoefu. Hata wakubwa inawapata. Olimpiki ya 2008, mbio za mwisho za 49er kule Qingdao, Uchina, upepo ulikuja na wimbi baya, boti zinapinduka huku na huku. Wadenmark Jonas Warrer na Martin Kirketerp walikuwa wanaongoza kwa pointi, mlingoti wao ukavunjika kabla hata ya kuanza! Wakarudi pwani mbio wakaazima boti ya Wakroatia ambao hawakuwa wamefuzu mbio hizo, wakaanza wenzao wameshaondoka dakika kama nne. Wakamaliza wa saba. Wakachukua dhahabu. Wa saba anachukua dhahabu, maana wapinzani wengi walikuwa wanahangaika kuinua matanga majini. Na wale Wakroatia walipewa medali ya Pierre de Coubertin kwa uungwana. Nikikumbuka hiyo bado nywele zinanisimama.

29er ndiyo niliingia nayo asubuhi, na kwa ufupi: ni boti ya vijana. Mimi nina kilo 88 na goti la kushoto limeshastaafu. Gamba lake, yaani mwili wa boti, kilo 74 tu, ukikohoa inayumba. Mmoja tu ndiye yuko kwenye waya, tanga la mbele linajigeuza lenyewe, unashangaa kazi yako ni nini. Kazi yako ni kutoanguka. Ukiwa na mtoto wa miaka kumi na sita anayetaka kufika kwenye 49er, mpe hii, mtanishukuru. Ile tabia ya omo kuchimba inayo pia, ila kwa adabu kidogo.

Sasa njooni huku. Shemeji huku, kwenye kivuli cha hilo banda. Vaa kandambili yako.

Hii ndiyo 505. Hii ni yangu mwenyewe. Msinunie. Ilichorwa na Mwingereza John Westell miaka ya hamsini, kabla babu hajaoa. Haina mabawa, nahodha anakaa kitako ukingoni kama mtu wa heshima, baharia peke yake ndiye yuko kwenye waya. Gamba lake kilo 127 na ushee, karibu mara mbili ya 29er. Ukiiona pembeni ya 49er unasema hii ni mtumbwi wa kuvulia. Ila tazameni mbavu zake, jinsi zinavyofunguka nje kuanzia majini kupanda juu, mpaka huku mbele. Omo ikitaka kuchimba, upana huu unakutana na maji, unaisukuma juu. Kandambili yangu hii ina vidole vipana.

Lakini si hilo ninalotaka kuwaonyesha. Ninalotaka ni hizi kamba mbili. Hii ya bluu na hii nyeusi, zinafika hapa katikati ambapo nahodha anazifikia bila kuinuka. Mlingoti wa boti nyingi ukishaufunga pwani umeufunga. 49er nyaya zake unazikaza kwa spana kabla ya mbio, ukikosea utalia mpaka urudi. Haki yake niiseme: ncha ya mlingoti wake ni laini, mkupuo ukija inajipinda yenyewe na kumwaga upepo. Sawa. Ila hii hapa, nikiwa majini, nikiona maji yanakuwa meusi kule mbele, nalegeza henza, kamba ya kutwekea, ya tanga la mbele... sikilizeni hizo roda, vigurudumu vya kamba... halafu navuta hii ya bluu inayokaza nyaya za pembeni.

Shemeji piga juu! Ncha ya mlingoti! Mnaona inavyolala nyuma? Hapa nimefunga utepe wa kupimia kutoka ile ncha mpaka tezi. Kabla ilikuwa huku, sasa imepungua kama futi moja. Futi nzima, kwa kuvuta kamba nimekaa kitako. Angalieni tanga sasa, ule ukingo wa nyuma kule juu umefunguka, unaachia upepo upite, nguvu yote imeshuka chini karibu na maji. Halafu naupandisha kidogo ubao wa kati, huu unaozama majini chini ya boti, hivi, ili chombo kisivutane na kana. Basi. Chombo kilichokuwa fahali kimekuwa ng'ombe wa maziwa.

Babu alikuwa na matanga mawili. Kusi ikikaza anatweka lile dogo, na kubadilisha kwenyewe ni pwani, foromali, ule mti unaobeba tanga, chini, watu watatu. Mimi nabadilisha nikiwa natembea. Mara nyingine navuta tu hizi kamba boti ikiwa kwenye toroli, bila sababu. Mke wangu ameshanikuta.

Leo na 505 tumefika kwenye boya la juu kwenye mkupuo uleule wa 50. Mlingoti umelala, mwenzangu akarudi nyuma hatua mbili, nikavuta kana, boti ikageuka. Ndiyo hivyo tu. Omo ikanyanyuka, maji yakafunguka pande mbili. Kwenye video mtasikia sauti ya mtu anacheka, ni mimi.

Kasoro zake? Zipo. Ukishuka na upepo lazima uurudishe mlingoti wima, ukisahau tanga halivuti. Spineka yake, lile tanga kubwa la mbele la kushukia na upepo, ni ya mtindo wa zamani, ina mti wake wa kuishikilia, na kila unapokisi tanga, yaani kulihamishia upande wa pili, baharia anahangaika na huo mti mikono juu kama anaangua maembe. 49er unavuta kamba moja tu. Halafu ina kamba nyingi, nyingi mno, wiki za kwanza nilikuwa navuta ya ubao wa kati nikidhani ni ya spineka.

Bei. Hii nililipa pauni 2,800, mkononi, na ina miaka zaidi ya ishirini. Ni hela ya bodaboda tatu hivi kule Dar. Aliyeniuzia alisema matanga ni "karibu mapya". Moja lilikuwa na kiraka cha mkanda wa gundi kilichopakwa rangi nyeupe, nimekigundua mwezi wa pili. Basi, gamba lenyewe ni zima, na 505 za umri huu bado zinawapiga vijana. 49er ya umri huo gamba lake limeshalegea, na mpya usiulize kama una watoto shuleni.

Najua kwenye maoni mtaniuliza Moth, ile inayopaa juu ya mabawa yake ya chini ya maji na kupita kilomita 55 kwa saa, au Waszp ambayo ni ndugu yake wa bei nafuu. Nimeshaahidiwa Waszp, subirini. Ila kwa upepo wa leo sikuona hata mmoja aliyeitoa bandani.

Sasa mniambie ukweli nanyi, mngeingia na ipi. Kwa sababu nami nitawaambia wangu: kesho utabiri unasema kilomita 22, na 49er wamenipa kwa siku mbili. 505 itakaa hapa chini ya turubai. Hapana, msinitukane. Upepo wa 22, wawili kwenye waya, spineka ile kubwa... nimeshasema naipenda.

Ila leo bado upepo upo, saa mbili za mwanga bado zipo, na kijana wa Mombasa amekimbilia kwenye chai. Shemeji, hiyo kamera ifunge pale mlingotini. Vaa mkanda huu. Hapana, ndoano inakaa mbele.