V-Strom 650 kwa anayekaa nyuma: uzoefu wangu wa safari ndefu

Wanaoandika kuhusu pikipiki za safari karibu wote ni wale wanaoshika hendeli. Mi nakaa nyuma. Mume wangu ndo anaendesha, tumeenda nayo Lushoto, Tanga, Iringa mpaka Dodoma, sa naomba niongelee upande wa huku nyuma mana ndo upande ambao watu hawauulizi mpaka mtu ashuke njiani hawezi kunyoosha mgongo.

Pikipiki yenyewe ni Suzuki V-Strom 650 ya mtumba, lile umbo lililotoka na tanki la lita 20, injini ya sisi (cc) 645, silinda mbili. Wakati wa kutafuta mume wangu alikuwa na mambo yake mengi anayoyaangalia, mi nilikuwa na sharti moja, hainunuliwi pikipiki ambayo sijaikalia. Na kuikalia namaanisha tukiwa wote wawili juu, helmeti vichwani, tuzunguke nayo kidogo tupite na kwenye matuta, sio kukaa dakika moja uani kwa muuzaji imesimama kwenye stendi, hapo kila siti ni nzuri. Dada zangu msilegeze kwenye hili.

Sababu ni hii. Wa nyuma anakaa karibu juu kabisa ya tairi la nyuma, dereva yeye yuko kati ya matairi mawili. Tuta likija yeye anainuka kidogo wewe unarushwa. Alafu yeye tuta analiona, anajiandaa, wewe unaona mgongo wake tu. Ndo maana mwanaume anaweza kukwambia kwa roho safi kabisa kwamba pikipiki ni laini, na hadanganyi, kwake kweli ni laini.

Kitu cha kwanza kuangalia ni magoti. Pima umbali kutoka kwenye siti hadi kwenye vyuma vya kukanyagia vya abiria. Pikipiki za mashindano zile za kuinama, vile vyuma vimepandishwa juu sana na siti ya nyuma ni kakipande tu, magoti yanakuja karibu na kifua, na mtu akikaa hivyo kutoka Dar mpaka Morogoro, kilomita kama 190, damu haipiti miguuni vizuri. Tulijaribu moja ya namna hiyo, nzuri sana kwa macho, nikakataa palepale. Kwenye V-Strom magoti yanakunjwa lakini sio sana, naweza kukanyaga vyuma nikajiinua kidogo tuta likikaribia (mume ameshazoea kuninyooshea kidole chini kama ishara) na hiyo peke yake inaokoa kiuno.

Cha pili ni siti, upana na mwinamo wake. Wengi wanabonyeza sponji kwa kidole wanasema hii laini. Sponji laini sana baada ya saa moja inakuwa imelala chini unakalia chuma, iliyokaza kiasi ndo inavumilia. Na siti ikiinamia mbele kila akishika breki unateleza unamlalia, helmeti zinagongana, kutwa nzima mnagongana. Ya V-Strom ni pana na imelala vizuri, na pembeni kuna vyuma vya kushika, hili msilidharau kwa sababu kumkumbatia mtu kilomita 300 ni kazi ya mikono na yeye anachoka pia.

Cha tatu ambacho kimenifurahisha kuliko vyote ni shokapu ya nyuma. Kuna kitufe kikubwa cha kuzungusha kwa mkono, bila spana, unaikaza tukiwa wawili na mabegi, unailegeza akiwa peke yake. Ukimpakia mtu bila kukaza, nyuma inakaa chini, mbele inakuwa nyepesi, taa usiku inamulika juu, na kila tuta shokapu inafika mwisho inagonga. Upepo wa matairi pia, kitabu chake kinataka psi 33 mbele, nyuma 36 akiwa peke yake na 41 mkiwa wawili. Niliona tofauti mwenyewe kwenye kona za kutoka Mombo kupanda Soni, ile njia ni kama kilomita 33 mpaka Lushoto na ni kona juu ya kona, tairi la nyuma likiwa na upepo sawasawa pikipiki inalala na kuinuka taratibu hata sishtuki. Na kwenye kona wa nyuma una kazi yako, angalia kwa juu ya bega la dereva la upande mnaokata, mwili utafuata wenyewe, ukijikaza kuvuta upande wa pili unampa shida kwelikweli.

Kuhusu zingine tulizoziwaza. Honda Gold Wing wote tunajua ndo kochi la abiria, injini silinda sita sisi 1833, siti ya nyuma ina mgongo na mikono, lakini ni mzigo wa zaidi ya kilo 360 na mi nawaza barabara ya vumbi ya kwenda kijijini kwa mama mkwe wakati wa masika. Hapana. BMW R 1200 GS nimeipenda sana, siti kubwa na haina cheni kabisa, inatumia shafti, ila bei yake na spea zake ni za mtu mwingine. Royal Enfield Himalayan ile ya sisi 411 siti yake iko chini, sentimita 80, kwa mfupi ni raha, lakini nguvu zake ni farasi kama 24 na sisi tukiwa wawili na mizigo tunaupanda mlima wa Kitonga njia ya Iringa na malori, nilitaka kitu kinachoweza kulipita lori haraka mana sipendi kukaa muda mrefu pembeni ya lori.

Na zile sisi 125 na 150 za bodaboda? Siti yake ndefu ya bapa ni nzuri kwa abiria kwa kweli, kwa mjini sina neno. Kwa safari ya siku nzima mwendo wa 80 injini ndogo inatetema mpaka meno, na lori likipita linawasukuma.

Upepo usipoupanga utakunyima raha hata siti ikiwa nzuri kiasi gani. Kioo cha mbele kinapimwa kwa urefu wa dereva, upepo unaomruka yeye unakuja kukupiga wewe kichwani kwa sababu siti yako iko juu zaidi. Cha V-Strom kinafungwa kwenye hatua tatu, tulizijaribu zote na mi ndo nilichagua. Helmeti ya kufunika uso mzima, yako mwenyewe inayokubana vizuri, sio ile ya ziada inayocheza kichwani.

Boksi la nyuma lenye mto wa kuegemea wekeni, mgongo unapumzika na ule woga wa kuanguka nyuma unaisha. Ila vitu vizito viende kwenye mabegi ya pembeni, boksi la juu libaki na makoti na khanga. Na jamani, kukaa upande ni kwa bodaboda ya kwenda sokoni, kwa safari hizi ni suruali, viatu vya kufunika vifundo, miguu huku na huku. Gauni utavaa mkifika.

Tukienda Lushoto tunapita Bagamoyo tunatokea Msata, kukwepa foleni ya Kibaha na Chalinze, na tunasimama kila baada ya saa moja na nusu hivi hata kama hakuna aliyechoka. Tanki linaruhusu kwenda zaidi ya kilomita 300 lakini kiuno hakina tanki. Njia ya Iringa, pale Mikumi barabara inapita katikati ya hifadhi kama kilomita 50, matuta mengi na mwendo una kikomo, hapo ndo utaijua shokapu yako, na ndo unaona twiga vizuri kuliko mtu wa ndani ya basi.

Kwa wafupi kama mimi, siti ya dereva tu iko sentimita 83 na nusu na yangu iko juu yake, pikipiki na mafuta ni kilo 214, kwa hiyo kupanda kuna utaratibu. Yeye anakaa kwanza, miguu yote chini, breki ya mbele ameshika. Nashika bega lake la kushoto, nakanyaga chuma cha kushoto, nasimama wima, navusha mguu. Nikishakaa nampiga bega mara mbili, ndo anaingiza gia. Kushuka ni vilevile kinyumenyume, na hashuki yeye kabla yangu hata siku moja.

Spea za kawaida fundi anapata kwa kuagiza, cheni tunaipaka oili wenyewe kila tukifika. Matairi ni 19 mbele na 17 nyuma, hayapo kila duka, agizeni kabla hayajaisha kashata (yale meno ya tairi).