Kidude cha kuokoa mafuta kwenye Prado: nyota moja, nayo ni ya taa zake

Nilikinunua mtandaoni kwa shilingi 1,800, kikaja Malindi kwa basi ndani ya bahasha. Ni kidogo kama kiberiti, cha kijani, na kinachomekwa chini ya usukani kwenye ile soketi ambayo fundi huchomeka mashine yake ya kusoma makosa ya gari. Karatasi yake iliahidi kupunguza mafuta kwa asilimia 35, ila nikipe kwanza kilomita 200 kilizoee gari. Nikakipa. Nikakiongeza na nyingine 2,000 juu yake.

Gari lenyewe ni Prado ya petroli, injini ya 2.7, otomatiki ya gia nne, viti saba, na sote saba tunavijaza: mimi, mke wangu, mama na watoto wanne. Ni tani mbili na ushee kabla hata hatujapanda, na tanki lake ni la lita 87. Kila baada ya wiki mbili naenda Mombasa kufuata bidhaa za duka. Mwezi Septemba 2023 petroli ya super ilipovuka shilingi 200 kwa lita ndipo nilipoanza kuweka daftari kwenye kisanduku cha mbele. Mke wangu ni mtu wa Amu, yaani kisiwani Lamu, na tangu siku hiyo hajachoka kunikumbusha kwamba punda wa kwao hawanywi petroli.

Kupima kwangu ni kwa kienyeji lakini hakudanganyi. Najaza kwenye pampu ileile mpaka mkono wake ukate wenyewe, na yule kijana namwambia asinijazie tena ili shilingi zikae sawa. Naandika kilomita. Nikirudi kujaza, nagawanya kilomita nilizokwenda kwa lita zilizoingia. Ile namba ya kwenye dashibodi niliiacha mapema, maana yangu hujisifu karibu nusu kilomita kwa kila lita.

Kuna mtego mmoja hapa kwetu ambao ulininasa. Msimu wa kusi, ukienda Mombasa upepo unakukabili. Ukirudi unakusukuma mgongoni. Mara ya kwanza na kidude nilipima safari ya kurudi tu, nikapata kilomita 7.7 kwa lita, na wiki nzima nikawa mhubiri wake pale barazani. Watu wawili nusura wanunue. Nilipokuja kupima kwenda na kurudi, kilomita kama 240, nikatumia lita 33.8, yaani 7.1 kwa lita. Kabla ya kidude ilikuwa 7.1 vilevile. Kwa matumizi ya jumla, mji na safari pamoja, matanki matatu ya kabla yalinipa wastani wa 6.8, na matanki sita ya baada yake yakanipa 6.8.

Mpwa wangu anayesomea umeme akasema, "Mjomba, hebu tukifungue." Bisibisi moja tu. Ndani mna kibao chenye taa tatu ndogo, kitufe, na chipu moja ya kuziwasha taa zipepese. Zile pini zinazopaswa kuzungumza na kompyuta ya gari hazikuunganishwa na kitu chochote. Zilikuwepo ili kiingie kwenye soketi kisianguke. Lakini hata zingeunganishwa, sioni kingefanya nini: kompyuta ya injini tayari inapima hewa inayoingia, na sensa iliyo kwenye ekzosi inaipa habari kama petroli imezidi au imepungua, nayo inarekebisha papo hapo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vya aina hii kwa miaka mingi, na vichache mno vilionyesha faida yoyote. Ningesoma hilo kwanza, sasa hivi ningekuwa na 1,800 yangu.

Kidude basi. Ila daftari lilikuwa limeshanitia uchu, nikaendelea.

Cha kwanza kikawa keria. Ilikuwa juu ya gari mwaka mzima, pamoja na sanduku kubwa la plastiki ambalo mara nyingi lilikuwa na mpira mmoja wa watoto na kamba. Mwendo wa 110 baada ya Matsangoni, sanduku lile lilikuwa likipiga mluzi, nami nikidhani ni redio. Tukaliteremsha sisi wawili, mimi na mpwa wangu, nusu saa na spana moja. Safari iliyofuata, mwendo uleule na njia ileile: lita 30.8. Kilomita 7.8 kwa lita, bila kutoa hata senti. Idara ya Nishati ya Marekani inasema sanduku kubwa la juu hula asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu, na huzidi hapo ukikimbia sana, kwa hiyo hesabu yangu haina uchawi. Mjini tofauti yake ni ndogo, maana mwendo wenyewe ni wa kuwafuata tuktuk.

Cha pili, magurudumu, na hapa lawama ni yangu. Tulipokwenda kwenye michanga ya Mambrui nilitoa upepo ili tusizame, tukala samaki, tukarudi, na upepo sikuurudisha. Miezi! Stika ya mlango wa dereva inasema PSI 29. Nilikuta 22, 21, 24 na moja ina 20. Hilo ndilo lililonifanya ninunue pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti, na pampu hiyo naipa nyota nne. Gurudumu moja huchukua kama dakika tano, inapiga kelele kama posho mili, na baada ya magurudumu mawili inabidi ipumzike kwa sababu inawaka moto mkononi. Kipimo chake kinazidisha PSI mbili ukilinganisha na cha kituo cha mafuta. Waya ni mfupi, gurudumu la nyuma unalifikia kwa kubembeleza. Lakini sasa napima asubuhi kabla gari halijatembea, uani kwangu, na hakuna anayeniambia mashine ya upepo imeharibika.

Nikiwa nimechuchumaa hapo baada ya kutoka mjini ndipo niliposikia joto la rimu ya mbele kushoto. Ya kulia unaishika. Ya kushoto unaondoa vidole. Fundi akaiinua jeki, akaizungusha kwa mkono, ikakataa. "Mzee, breki imeshika, hii ni chumvi." Ukikaa karibu na bahari hivi, pini za breki hushika kutu na pedi hazirudi nyuma, ukawa unaendesha huku umekanyaga breki. Alisafisha pande zote mbili, akapaka grisi, akabadilisha pedi.

Wiki hiyohiyo nikashusha mwendo kutoka 110 hadi 90, kwa hiyo siwezi kuapa ni nini kilileta kiasi gani. Kwa pamoja, upepo, breki na mguu mwepesi: lita 27.3 kwenda na kurudi, kilomita 8.8 kwa lita. Lita sita na nusu kila safari nilizokuwa nikizimwaga njiani. Wakati? Sikupoteza wa maana. Wale wanaonipita kwa fujo kabla ya Kilifi nawakuta Mtwapa, tumesimama wote kwenye foleni.

Mjini bado halijanifurahisha, nimetoka 6.1 nikafika 6.7 tu. Sehemu kubwa ya tatizo ni kungoja watoto nje ya madrasa huku injini inanguruma kwa ajili ya AC. Gari likiwa limesimama linakula lita moja hadi mbili kwa saa kulingana na injini na AC, na hapo kilomita ni sifuri. Sasa naegesha chini ya mwarobaini na kuzima. Mama analalamika joto, nami simlaumu, Machi ya Malindi haina huruma.

Idi tunakwenda ukweni. Gari tutaliacha Mokowe, tuvuke kwa boti, na mizigo ya mke wangu haienei ndani. Keria itarudi juu kwa siku nne. Kuku walishaifanya kitanda huko uani, itabidi ioshwe kwanza.